Doria ya makombe: tazameni mwezi, msitazame mashua

Msomaji wa Pemba ametuandikia: kamati ya wavuvi ya shehia yao hupiga doria kila asubuhi, majuya, nyavu za kukokota, yamekoma, lakini kauri, konokono wa bahari wenye gamba linalong'aa, na makombe makubwa yanazidi kutoweka kwenye mwamba walioufunga usivuliwe. Jibu letu pengine litamuudhi. Mnashika zamu wakati mwizi kalala.

Mchana kauri hujificha chini ya mawe. Usiku ndipo hutoka kula. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Mwokotaji hushuka kwa miguu saa tatu, tochi mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, bila mashua wala mashine ya kusikika. Basi shukeni saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, na kila usiku unaofuata ongezeni kama dakika 50. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, laleni, mpumzishe betri.

Mchana kagueni mawe. Upande wa chini wa jiwe hai una sponji nyekundu na za manjano. Likipinduliwa, jua huzikausha zikabaki utando mweupe unaonuka. Mfululizo wa mawe ya namna hiyo ndiyo njia aliyopita mwizi. Rudisheni kila moja lilivyokuwa, maana kauri jike huatamia mayai yake hapo chini.

Mkimkuta mtu, tazameni kwanza ana nini na yuko wapi. Mama anayechokoa kombe za kitoweo nje ya eneo lililofungwa hana kosa, na kumnyang'anya kikapu ni kuiua kamati kwa mikono yenu. Ndoo ya kauri za ndani ya mipaka ni habari nyingine: pigeni picha pamoja na ndala iwe kipimo, hesabuni kila aina, andikeni jina la mwamba na saa mbele ya shahidi, kisha sheha na afisa uvuvi waarifiwe.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ndoo huachwa juani ikingoja afisa, au huongezwa maji ya bomba. Maji matamu huua. Wafunikeni kwa gunia lililoloa maji ya bahari, kivulini, na kabla maji hayajajaa warudisheni chini ya mawe, mdomo ukitazama chini. Konokono wa bahari mwenye umbo la pia asiguswe kwa mkono wala kutiwa mfukoni. Ana mwiba wa sumu, na baadhi ya aina zake zimeua watu. Mchoteni kwa bakuli.

Papasi, yule mchuuzi anayewaandama watalii, atawaambia makombe yake yameokotwa ufukweni. Ligeuzeni kombe. Lililokufa lenyewe limepauka, lina vitundu vya wadudu na kingo zimelika. Kauri inayong'aa kama kioo ilitolewa hai, kwa kuwa nyama ya mnyama mwenyewe ndiyo hulifunika gamba na kulilinda lisichubuke. Nuseni mdomo wa kombe pia, kama kuna uvundo wa nyama.

Na msiige ufungaji wa pweza wa Kisiwa Panza, huko huko Pemba, ambako uvuvi wa pweza husimamishwa kwa muda kisha hufunguliwa. Pweza huishi kama mwaka mmoja na hunenepa upesi, kwa hiyo miezi mitatu inamfaa. Kombe kubwa lililojipachika jiweni huchukua miaka kadhaa kabla halijazaa. Ukilifunga miezi mitatu ukafungua, umemwekea mwizi akiba. Fungeni daima, bila kufungua tena, sehemu ndogo, yenye mipaka ya miamba ambayo kila mchokoaji anaijua kwa jina.