Glezi, Koni na Chokaa: Kwa Wewe Unayeanza Ufinyanzi Mombasa

Kabla hujanunua rangi wala kuulizia bei ya tanuri, jua udongo wako unataka moto gani. Wengi huanzia mwisho: wameipenda glezi ya buluu, wanaipaka kwenye udongo wowote walio nao, kisha lawama zote zinaliangukia tanuri. Glezi ni kioo chembamba kinachofunika chombo. Msingi wake ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga mweupe, na silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1700 za Selsiasi, moto ambao tanuri za kawaida haziufikii. Ndiyo maana huongezwa kiyeyushi, kama madini ya feldispa, ili iyeyuke mapema, na kaolini, udongo mweupe, ili isichuruzike ikagandisha chombo kwenye rafu. Kwa hiyo kila glezi ina moto wake, na kila udongo una wake. Udongo mwekundu kwa kawaida huiva vizuri kati ya 1000 na 1150. Ukiusukuma hadi 1250 kwa sababu glezi inataka hivyo, utaukuta umevimba, umepinda, au umelala kabisa.

Sasa namba. Kipimajoto cha tanuri hukwambia joto la pale kilipochomekwa, kwa dakika ile tu. Udongo na glezi huiva kwa joto na muda pamoja, na kipimo cha vyote viwili ni koni, kijipiramidi cha udongo maalumu kinachoinama kikipata moto wake. Koni 6 ya kampuni ya Orton huinama karibu na nyuzi 1222 tanuri likiwa linapanda nyuzi 60 kwa saa mwishoni. Ukilikimbiza nyuzi 150 kwa saa, itangoja mpaka 1240 hivi. Panga tatu mbele ya tundu la kuchungulia, 5, 6 na 7. Ya 5 ikiwa imelala, ya 6 imeinama ncha yake ikagusa chini, na ya 7 ndiyo kwanza inaanza kuinama, zima. Weka nyingine rafu ya chini, kwa kuwa tanuri nyingi hazina moto sawa juu na chini. Na usichungulie kwa macho matupu. Vaa miwani ya giza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Angalia sana sifuri. Koni 06 ni kama nyuzi 1000, koni 6 ni zaidi ya 1220. Ukizichanganya mbili hizi, ama utatoa unga usioyeyuka, ama utaokota udongo umetapakaa sakafuni mwa tanuri. Sifuri ikitangulia, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo moto unavyopungua: 022 iko karibu na 600.

Mchomo wa kwanza, ule wa kabla ya glezi, upeleke 06 mpaka 04. Hapo chombo kimekuwa kigumu cha kushikika ila bado kinafyonza maji, na ufyonzaji huo ndio unaoivuta glezi ishike. Mombasa shida iko kabla ya hapo: kukauka. Wakati wa kaskazi hali ni nafuu, lakini mvua za masika zikishika, chombo kinaweza kuonekana kikavu huku tumbo lake lina maji. Kiweke shavuni, kikiwa baridi, bado. Hata kikikauka, liache tanuri kwenye nyuzi 80 au 90 kwa saa kadhaa, maana maji yakigeuka mvuke kwa ghafla hupasua chombo. Ukikaribia 573 pia punguza mwendo, wakati wa kupanda na wa kushuka. Hapo chembe za kwatzi, yaani silika iliyomo kwenye udongo, hubadilika ukubwa mara moja, na chombo kikipata ufa, ukikigonga utasikia sauti butu.

Kinachowasumbua wageni wa pwani zaidi ya yote ni chokaa. Tunaishi juu ya mawe ya matumbawe, na mchanga wetu wa ufuoni umejaa vipande vya matumbawe na makombe. Wazee walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea; punje ya tumbawe ndani ya kikombe chako hupitia mambo yayo hayo. Kwenye mchomo wa kwanza inakuwa chokaa hai. Unakitoa chombo kizima, kizuri, unakiweka kabatini. Chokaa inanywa unyevu wa hewa, inavimba, na baada ya siku au wiki unasikia *tak*, kipande cha ukubwa wa kucha kimeruka. Kwenye shimo utaona nukta nyeupe. Hiyo ndiyo mwenye kosa. Basi usikoleze udongo kwa mchanga wa bahari, tumia vigae vilivyosagwa. Udongo wa kuchimba mwenyewe ukoroge uwe uji, upitishe kwenye chujio laini. Na ukiutilia shaka, dondoshea siki au ndimu kwenye unga wake mkavu: ukitoa povu, una chokaa.

Uzito wa glezi iliyokorogwa na maji usikadirie kwa jicho. Mililita 100 zikiwa gramu 140 hadi 150, kwa glezi nyingi ni sawa. Futa vumbi la chombo kwa sponji yenye maji kidogo, chovya kwa sekunde mbili tatu, kisha safisha kitako chote na milimita chache juu yake. Vumbi au mafuta ya mikono yakibaki, glezi itajikunja iache vipara. Unga mkavu uchanganye umevaa barakoa, na sakafu uipige deki, usiifagie.

Kuhusu rangi: nenda Fort Jesus ukavitazame vyombo vya Kichina. Ule ukijani wa mwani ni chuma kidogo tu, kilichochomwa katika moto ulionyimwa oksijeni. Tanuri la umeme lina hewa tele, kwa hiyo glezi ile ile itakupa umanjano hafifu au asali. Kobalti haina matata hayo. Buluu ni buluu.

Glezi ikipasuka nyufa kama nywele, imesinyaa kuliko udongo. Hapa kwetu nyufa hizo zinaweza kuja miezi kadhaa baadaye, kwa sababu udongo usioiva hufyonza unyevu ukatanuka taratibu. Dawa ni kuuivisha. Mtungi wa maji ya kunywa, huo usiupake kitu. Hupoza kwa kuwa unavuja jasho.

Kwa vikombe vya kuuza, usitumie glezi yenye madini ya risasi, hata muuzaji akikuapia kuwa ni salama. Na kabla hujauza hata kimoja, laza kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha. Asubuhi rangi ikiwa imepauka pale, glezi hiyo ibaki kwenye vyungu vya maua.