Barua kwa mwanangu: usiifute hadithi ya mke wa Nuhu

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma jana usiku nikairudia leo hapa Kiborloni, mvua hii imewafungia watu ndani na mabelo yangu nimeyafunika turubai. Unauliza "mama, ile hadithi niliyoandika ya mke wa Nuhu niifute au niiache, imezunguka kwenye simu za watu wengine wananisifu wengine wananiita mkufuru". Nakujibu kwa kuandika manake kwa kupiga utanikatiza katikati kama kawaida yako.

Usiifute. Ila kuna sehemu mbili inabidi uzirudie, ntakwambia huko mbele.

Kwanza wanaokasirika wasikilize vizuri wanakasirikia nini hasa, kwasababu wengi wao wala hawaitetei Biblia, wanatetea picha waliyoonyeshwa sande skuli wakiwa wadogo. Angalia yule aliyekuandikia kwa herufi kubwa kwamba Biblia inasema siku 40 na wewe umewaweka safinani mwaka mzima. Haya si afungue Mwanzo 7 na 8 mwenyewe? Siku 40 ni za mvua. Maji yakakaa juu ya nchi siku 150, na hao watu waliingia mwezi wa pili tarehe 17 Nuhu akiwa na miaka 600, ruhusa ya kutoka wakaipata mwezi wa pili tarehe 27 mwaka wa 601, yani mwaka na siku kumi wapo mle ndani na mbuzi na ng'ombe na simba na mavi yao yote. Na yule wa "wanyama ni wawili wawili tu" asome 7:2, wanyama safi walikua saba saba. Sasa we unayeitwa mzushi ndo uliyesoma, afu wao ndo wanakuhukumu, jamani.

Wa Ufunuo 22:18 nao hawakosekani, ole wake atakayeongeza. Mi mzee wa kanisa, mahubiri ya Nuhu nimeyasikia mengi mno, na mhubiri akishafika pale lazima atakwambia majirani walivyomcheka Nuhu, walivyomwita kichaa anajenga meli nchi kavu, mpaka na sauti zao anaziigiza, kanisa zima linacheka amina amina. Kwenye Mwanzo hayo hayapo hata mstari mmoja. Kuchekwa kwake kumeandikwa kwenye Kurani, Surat Hud, na sidhani kama mhubiri anajua ametoa huko! Kwenye Mwanzo majirani hawana sauti, mke hana jina wala sauti, na Nuhu mwenyewe sura ya 6 mpaka ya 8 hajanukuliwa neno, la kwanza tunalolisikia kutoka kwake ni laana kwenye sura ya 9 baada ya kulewa divai na kuzinduka. Kwahiyo kuongeza wanaongeza wote, ila akiongeza mwenye joho ni mafundisho, akiongeza binti ni kufuru, na hapo ndo mi napandwa na hasira kabisa.

Yule rafiki yako Mwislamu wa Majengo usimchanganye na hao. Kakwambia kwa upole kabisa kwamba kwao mke wa Nuhu si mtu wa kusifiwa, na ni kweli, Surat At-Tahrim aya ya 10 imemtaja pamoja na mke wa Lutu kama mfano wa waliokufuru, na kwao kuna mtoto wa Nuhu aliyekataa kupanda akasema atakimbilia mlimani, akazama. Kwahiyo yeye anakusoma akiwa na mwanamke mwingine kichwani. Waethiopia nao kanisa lao la Orthodoksi wanacho kitabu cha Yubile ndani ya Biblia yao, humo mke wa Nuhu ana jina kabisa, Emzara. Mama huyohuyo mmoja, kwetu kimya, kwa wengine kafiri, kwa wengine ana jina na ukoo. Ile filamu ya Nuhu ya 2014 nayo Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu waliizuia kwasababu kwao nabii haigizwi na mtu, Wakristo wa Marekani nao baadhi wakalalamika ila kwa mambo mengine kabisa. Hasira ni nyingi na haziko sawa, usizijibu kwa meseji moja ya kuforwadi.

Sasa sehemu zako mbili. Ya kwanza ni mlango. Umeandika majirani wanagonga, mke analia afunguliwe, Nuhu anashikilia komeo anakataa. Soma Mwanzo 7:16 taratibu, imeandikwa Bwana akamfungia. Nuhu hakufunga. Ukiandika komeo liko nje, wote wawili ndani wanasikia watu wanaowajua kwa majina na hakuna hata mmoja anayeweza kufungua, hadithi yako itauma zaidi na hakuna atakayesema umemsingizia mzee. Hapo uliandika haraka.

Ya pili ni yule dada wa Katesh. Wewe umemweka kwenye kundi la wanaokuponda na mi nakataa. Alichosema ni kwamba umeiandika mvua kama muziki, mke anaimba maji yakipanda, na kwao Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang asubuhi hakukuwa na muziki, kulikua na mawe na magogo na kelele, wakafa watu zaidi ya 80. Huyo hajakwambia umekosea maandiko. Anakwambia hujawahi kuogopa maji, na kweli hujawahi, umekulia hapa Moshi mvua kwako ni kulala na blanketi. Kila ulipoandika mvua tamu pitia tena, wimbo uutoe au uimbwe baadaye sana wakiwa nchi kavu.

Huyo mjibu wa kwanza, na umpigie, usimwandikie. Juu ya hadithi weka kwamba ni ya kubuni, wa herufi kubwa mtumie mistari yake asome. Shangazi yako wa Machame bado kanuna anasema umeaibisha ukoo, huyo niachie mimi.

Mama yako