Betri kwanza, bereti baadaye

Wadogo zangu mnaokwenda misheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa huko Kongo kwa mara ya kwanza, hongereni. Najua wiki hizi kila mtu anapiga picha na bereti ya bluu na kuituma nyumbani. Pigeni, mama zenu wafurahi. Mimi nilikuwa sajini, fundi wa magari, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na utayari wa jeshi naujua kwa sura moja tu: saa nane usiku, mvua inanyesha, dereva anazungusha ufunguo, gari linawaka. Lisipowaka, yote mliyoyasikia kwenye hotuba hayapo.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Unaomba askari na zana kwa nchi wanachama, na aliyeomba anakagua. Tangu 2015 kuna mfumo wa kuorodhesha vikosi ambavyo nchi ziko tayari kuvitoa, na ngazi ya juu kabisa ni ya kikosi kilichoahidiwa kupelekwa ndani ya siku 60 tangu kiombwe. Siku 60 ni chache kuliko zinavyosikika. Mkianza kutafuta matairi siku ya kuombwa, mmeshachelewa.

Mkifika, kabla mwezi haujaisha mtaona wakaguzi, kisha watarudi kila baada ya miezi mitatu. Gwaride lenu haliwahusu. Wana orodha mkononi: malori, magari ya deraya, jenereta, redio, matangi ya maji. Wanataka kuona kitu kinafanya kazi siku hiyo, saa hiyo. Lori lililopakwa rangi nyeupe vizuri lakini limekufa betri linaandikwa kuwa halifanyi kazi, na vya namna hiyo vikizidi, malipo yanayokwenda kwa serikali yako yanapungua. Hata jikoni wanaingia: majokofu yanagandisha? Maji ya moto ya kuoshea vyombo yapo? Nimeona wapishi wakitokwa jasho kuliko walinzi wa lango.

Siku yangu ya aibu ilikuja kwa jenereta ya akiba. Juma lililotangulia nilikuwa nimechomoa betri yake niwashie lori la maji, nikajiambia nitairudisha kesho. Mnaijua hiyo kesho. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole, kavaa buti zilizojaa tope kama zangu. Akasimama mbele ya jenereta, akasema, washa. Nikafungua kifuniko nikakuta waya mbili zinaning'inia. Hakugomba. Aliandika mstari mmoja, akanishukuru, akaelekea jikoni. Afande wangu naye hakusema kitu mpaka jioni, na bora angenitukana pale pale. Tangu siku hiyo nina sheria: kifaa cha akiba hakiazimwi kipuri, hata kama ni nati.

Halafu barabara. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya 2002 iliingia mpaka katikati ya mji, na mawe yake yanachana tairi ubavuni, pale usipoweza kuziba kiraka. Ukienda upande wa Beni, adui wako ni tope. Kwa hiyo usibebe vipuri kwa mazoea ya nyumbani. Ongeza matairi, betri, mikanda ya injini na filta, punguza makorokoro ya mapambo ya kambi. Kipuri unachokiomba leo kutoka nyumbani hakifiki wiki hii, wala ijayo.

Vijana wengi hupenda kusimulia 2013. Ni haki yao. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, Machi mwaka huo, liliunda brigedi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiwa na ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, jambo ambalo walinda amani hawakulizoea. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Mwanzoni mwa Novemba, waasi wa M23 walikuwa wamefukuzwa na jeshi la Kongo na brigedi hiyo kutoka kwenye vilima vyao vya mwisho.

Mimi ningependa msimulie zaidi Semuliki, upande wa Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha walinda amani huko kilishambuliwa kwa saa nyingi, na Watanzania 15 walipoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa baadaye ulitaja mambo ya kawaida kabisa: mapengo ya mafunzo, hakukuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada, amri zilikuwa na kasoro, ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi vilipungua. Mwezi huo huo Jenerali Santos Cruz wa Brazili, aliyewahi kuongoza majeshi ya MONUSCO, yaani misheni hii ya Kongo, alikamilisha ripoti iliyosema wazi kwamba bendera ya bluu haimkingi tena mlinda amani. Ukipangiwa kituo, siku ya kwanza kabisa uliza: tukishambuliwa usiku, nani anakuja, kwa barabara ipi, na gari lake linawaka? Usione haya kuuliza afande. Uliza kwa adabu, lakini ujibiwe.

Kitu kingine tunacho sisi ambacho vikosi vingine hutafutia wakalimani: Kiswahili. Lakini kizoeeni pia cha kwao. Siku moja tulisimama kwenye bomba la maji, mama mmoja mzee akamwambia koplo wangu, "Batu balipita usiku, beko ku mulima." Yaani watu walipita usiku, wako mlimani. Koplo akacheka ile "batu". Mama akafunga mdomo, akabeba dumu lake akaondoka. Alikuwa ametuletea habari ambayo afande wa upelelezi angeifuata kilomita 20 kwa miguu, tena bila kuombwa, na sisi tukamsahihisha ngeli. Kesho yake nilirudi na koplo kuomba radhi. Mama alitupokea vizuri, akatupa na ndizi, ila habari za mlimani hakuzigusa tena.

Kuhusu hela, nitasema kidogo kwa sababu najua ndiyo mnayonong'ona. Umoja wa Mataifa unailipa serikali, siyo wewe. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, na nchi ndiyo inayoamua wewe upate ngapi. Kinachokufikia moja kwa moja kutoka misheni ni posho ya dola 1.28 kwa siku. Ndiyo, moja na senti 28. Usikope kiwanja kwa hesabu za kusikia kwa wenzako.

Na kwenye kurudi: magari yanakaguliwa tena, na yanatakiwa yawe safi kabla ya kupakiwa. Anzeni kuosha wiki tatu mapema. Lile tope la Beni likikauka chini ya chasisi halitoki kwa mpira wa maji peke yake. Tafuteni panga kuukuu na vijana wawili wasio na haraka.