Jibu: Karo inaningoja, nitaigaje ukarimu wa watakatifu?

Salamu, ndugu wa Nakuru. Unasema ukisoma habari za watakatifu waliogawa vyote unakata tamaa, maana karo ya watoto inakungoja, na mwenye shida akibisha mlangoni mkono unabana. Kwanza angalia umeanza na mtakatifu yupi. Wengi wetu huanza na Fransisko wa Asizi, naye hakuwa na watoto wa kulisha. Mimi ningekuelekeza kwa Martin wa Tours. Alikuwa bado askari, hata kubatizwa hajabatizwa, alipomkuta maskini akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, Ufaransa. Akakata joho lake kwa upanga, akampa nusu, nusu akabaki nayo. Nusu, ndugu yangu!

Msome pia Elizabeti wa Hungaria, mke na mama, aliyefungua maghala ya chakula wakati wa njaa ya 1226.

Hapa Kisumu, nikienda soko la Kibuye hununua kwanza cha kutoa: gorogoro moja ya mahindi na maharagwe kidogo, ya mama mjane jirani yetu. Kikitoka mapema hakigombani na karo. Kiasi chako siwezi kukupangia; kaeni nyumbani mkubaliane.