Je, spana ya bei kubwa inastahili bei yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi magari chipukizi hapa Morogoro. Tangu nianze kazi nimekuwa nikiazima vifaa vya bosi wangu, na sasa nimedunduliza fedha za kununua vyangu. Wapo wanaonishauri nichukue seti kubwa ya INGCO kwa bei nafuu, wengine wanataja King Tony, na mzee mmoja wa gereji anasisitiza nisubiri hadi niweze kununua Gedore au Bahco. Tofauti hiyo ya bei ni ya ubora wa kweli au ni ya jina tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti ipo, lakini si katika kila kifaa, na kwa sababu hiyo sikushauri ununue seti nzima ya jina moja.

Maneno "Chrome Vanadium", yaani chuma kilichochanganywa kromiamu na vanadiamu, utayakuta karibu kwenye kila spana, ya bei kubwa na ya bei ndogo, hivyo peke yake hayakuambii mengi. Kinachoamua ni jinsi chuma hicho kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na jinsi mdomo wa spana ulivyochongwa kwa kipimo. Spana laini hupanuka mdomo baada ya kukazia nati ngumu mara chache. Iliyozidi ugumu hukatika ghafla na kukujeruhi vidole. Mdomo ukiwa na nafasi, hata ndogo, nguvu yako yote huangukia pembe za nati badala ya ubapa wake, pembe zinalika, na kazi ya dakika tano inageuka kuwa ya kukata nati kwa patasi.

Kwa kuwa magari mengi utakayoyapokea yametoka Japani, utashika spana namba 10, 12, 14 na 17 (upana wa mdomo kwa milimita) kutwa nzima. Fedha yako nzuri iweke hapo. Gedore ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1919, inastahili bei yake katika namba hizo, na King Tony ya Taiwan ni chaguo la kati ninaloliheshimu kwa fundi anayeanza. Boksi spana chagua zenye pembe 6, si 12, kwa sababu hushika ubapa wa nati iliyoshika kutu. Usibane matumizi kwenye spana ya nati za mabomba ya breki, ile ambayo mdomo wake huizunguka nati karibu yote, wala kwenye plaisi; Knipex ya Wuppertal imekuwa ikitengeneza plaisi tangu 1882, nayo hudumu miaka mingi mkononi mwa fundi anayeitunza.

Nyundo, patasi na namba kubwa unazozitumia mara moja moja, chukua INGCO bila wasiwasi.

Jina nalo lina mambo yake. Bahco, yenye asili ya Uswidi, imekuwa chini ya Snap-on ya Marekani tangu 1999, na majina mengine mawili ya vifaa, Stanley na Facom, yako chini ya kampuni moja. Kwa hiyo angalia nchi iliyochongwa kwenye kifaa chenyewe, usiishie kwenye rangi ya kasha. Dhamana ya maisha pia ina maana pale tu panapokuwa na wakala nchini atakayekubadilishia. Muulize muuzaji wakala huyo ni nani kabla hujatoa fedha, kisha dai risiti ya EFD.

Ukienda dukani, beba bolti mpya ya namba 12. Ingiza kichwa chake katika spana na ukitikise: kikicheza, irudishe. Plaisi ifunge na uielekeze kwenye mwanga; ncha zisipokutana sawasawa, au mwanga ukipenya kwenye sehemu ya kukatia waya, usiinunue, hata iwe imeandikwa jina gani.