Simu za majaribio: nani hupewa, na kwa nini

Waandishi wachanga wa teknolojia huniuliza wafanye nini ili kampuni ziwape simu za kufanyia uhakiki. Niliwahi kuajiriwa na wakala wa uhusiano wa umma hapa Nairobi, na kuandaa orodha ya wanaopewa ilikuwa kazi yangu. Nitawaeleza nilivyoiona.

Simu hizo huwa chache, na nyingi ni za kuazima: akimaliza huyu anapewa yule. Kwa hiyo hatukutazama idadi ya wafuasi peke yake. Chaneli ya YouTube yenye watazamaji lukuki walio nje ya nchi haikutusaidia kuuza simu Kisumu. Mwandishi mwenye wasomaji wachache, lakini wanaomuuliza bei ya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu hapa Nairobi, na kama betri inafika jioni, huyo tulimtafuta wenyewe.

Jedwali letu lilikuwa na safu ambayo wengi hawaifikirii: alirudisha lini, na katika hali gani. Boksi likirudi bila chaja, jina linashuka. Kibaya zaidi ni simu kufutwa kila kitu kabla akaunti ya Google haijaondolewa. Ukiiwasha inadai nywila ya aliyeitumia, naye hapokei simu, huku mwandishi anayefuata anasubiri. Anayechapisha kabla ya tarehe mliyokubaliana naye hujifungia mlango mwenyewe.

Sasa suala la sifa. Nimeona jina likiondolewa kwa sababu tu uhakiki ulikuwa mkali, na hadi leo naona ni dhuluma kwa msomaji. Hata kampuni kubwa hujaribu. Desemba 2020 Nvidia iliwaandikia Hardware Unboxed, chaneli ya YouTube ya Australia inayohakiki vifaa vya kompyuta, kwamba haitawatumia tena kadi zake za grafiki, kwa kuwa hawakuipa uzito wa kutosha teknolojia ya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), inayofanya mwanga kwenye michezo ya kompyuta uonekane halisi. Wapenzi wa kompyuta walipiga kelele, na ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kubadili uamuzi. Hardware Unboxed waliponea kwa watazamaji wao na kwa vipimo walivyokuwa wameviweka wazi.

Basi usiandike ukiiwazia orodha. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza 1936, hununua bidhaa inazozipima. Wewe huna fedha hizo, lakini unayo simu yako, ya dada yako, ya jirani. Ihakiki baada ya miezi sita ya matumizi. Uhakiki wa namna hiyo ni adimu, na mawakala huusoma. Ukiazimwa simu, mwambie msomaji mwanzoni kabisa. Ukiikosoa, weka kipimo: saa ngapi za chaji, picha ya usiku ilivyotoka.

Ukimwandikia wakala, usimtumie wasifu mrefu. Mpe viungo vya kazi zako mbili, mweleze wasomaji wako ni akina nani na wako wapi, na umtajie tarehe utakayorudisha simu.