Saa ya jeshi ya zamani: weka polishi chini kwanza

Naanza na ujinga wangu. Saa ya kwanza ya jeshi kuipata ilikuwa ya kampuni ya Timor, ya jeshi la Uingereza, niliikuta kwenye boksi la vikorokoro vya marehemu mjomba, chafu, uso umegeuka rangi ya chai, na mimi kwa furaha zangu nikachukua polishi na kitambaa nikasugua mgongo wake mpaka ukang'aa kama kijiko kipya. Baadaye ndo nakuja kuambiwa zile namba nilizokuwa nasugua ndo kitambulisho chenyewe cha saa. Nilijisikia vibaya wiki nzima.

Kwa hiyo ukiipata ya kwako usiguse kitu, igeuze tu usome mgongo. Za Uingereza zina alama ya mshale, mistari mitatu imekutana kama wayo wa kuku, maana yake mali ya serikali. Ukikuta na W.W.W. (Watch, Wrist, Waterproof, yaani saa ya mkononi isiyoingia maji) basi ni moja ya zile zilizotengenezwa na kampuni 12 kwa ajili ya jeshi, uso mweusi, sekunde ziko kwenye kiduara chake pale kwenye 6, na vyuma vya kushikia mkanda havitoki. Ukikuta 6B hiyo ilikuwa ya jeshi la anga, 0552 wanamaji, W10 nchi kavu.

Halafu hadithi za wauzaji, jamani. Kuna jamaa alinishikia W.W.W. ananiambia mwanajeshi aliyekuwa nayo alitua nayo Normandy, kule Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa anaongea kwa hisia kweli, ila Normandy ni Juni 1944 na hizo saa zilianza kufika jeshini 1945! Saa ilikuwa nzima kabisa haina shida, hadithi ndo ilikuwa feki, na alishaipandishia bei. Mimi hadithi bila karatasi silipii.

Kitu cha pili ni ile rangi ya kung'aa gizani. Za wakati wa vita zilipakwa radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, na ile rangi inachoka, kwa hiyo saa ya 1945 ikiwaka gizani kama taa ujue kuna mtu kaipaka upya. Ila kutowaka haimaanishi imekuwa salama, radiamu inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo usiifungue mezani unapolia chakula wala usipulize vumbi lake, mpelekee fundi saa anayezijua. Ukiona herufi T ndani ya duara kwenye uso hiyo ni tritiamu, kitu cha kung'aa kilichokuja baada ya radiamu, na kwenye saa ya 1945 maana yake uso ulibadilishwa baadaye, mara nyingi na jeshi lenyewe. Sio feki, wengine tunazipenda hivyohivyo, ila wakusanyaji wengi wanalipa zaidi kwa uso wa kwanza.

Kwenye bei ndo watu wanapotea kabisa, wanaangalia jina. Omega kila mtu anaijua, Grana hakuna anayeijua, lakini kwenye zile 12 Grana ndo adimu kuliko zote na inaipita Omega mbali sana, kwa sababu anayetaka kukamilisha seti yote lazima aitafute hiyo. Na usiangalie bei wanazotangaza, mtu anaweza kutangaza chochote, angalia zilizouzwa kweli minadani, kampuni hiyohiyo, uso wa aina hiyohiyo, hali hiyohiyo. Mwambie fundi akufungulie upige picha mashine, maana kuna saa zimeunganishwa vipande vya saa tatu tofauti na nje huwezi kujua.

Kama na wewe ulishasugua kama mimi, zima taa, mulika mgongo kwa tochi kutokea pembeni kabisa halafu upige picha. Yangu namba zilionekana zote isipokuwa ya mwisho, inaweza ikawa 3, inaweza ikawa 8, na aliyekuja kuinunua alikata bei kwa sababu ya hiyo namba moja, nikamwambia basi aiache.